Ratirodi: kutu ya kuacha na kutu ya kuogopa

Ukiiona ratirodi kwa mara ya kwanza unaweza kudhani imetoroka yadi ya vyuma chakavu. Bodi nzima ina kutu, boneti hakuna, injini iko nje nje, na paa limeshushwa mpaka dereva anachungulia barabara kama mtu aliyejificha. Halafu inawashwa, na inaondoka kwa mngurumo unaotikisa kifua.

Chimbuko lake ni Marekani. Vijana wa huko walizoea kuchukua Ford za zamani, za miaka ya 1920 na 1930, wakazivua kila kisichohitajika na kuzifunga injini zenye nguvu. Gari la namna hiyo likaitwa hotirodi. Baadaye hotirodi nyingi zikageuka pambo: rangi ya kung'aa, kromu kila kona, bei ya kutisha. Ratirodi, yaani "rodi ya panya", ni jibu la wasio na hela hizo. Na wapo wanaoziunda kutokana na yale yanayoitwa "magari ya misuli", magari ya miaka ya 1960 yenye V8 kubwa ndani ya mwili wa wastani.

Mimi nasoma sayansi ya vyuma, magari ni ugonjwa tu wa wikiendi. Lakini hapa vinakutana kwenye swali ambalo ukilijibu vibaya unaweza kufa: kwenye gari hili, chuma kipi ni cha sura tu, na kipi kimebeba mzigo?

Tuchukue mfano halisi. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua injini ya lita 6.4 ya magari yake makubwa, ikaiweka kwenye Tempest, gari la ukubwa wa kati. Likatoka GTO, nguvu za farasi 325. Sasa, GTO halisi usilikate, tafadhali. Likiwa zima lina thamani kubwa, na wanaoyapenda watakununia, tena kwa haki. Ila Tempest ya kawaida ya milango minne, ndugu yake wa tumbo moja, haigombaniwi hivyo. Sakafu ikiwa imeoza na injini haipo, bei inashuka zaidi. Na Tempest hiyo ina kitu ambacho mtu wa bajeti ndogo anakihitaji kuliko injini: chasisi.

Chasisi ni fremu ya chuma iliyo chini, ambayo injini, ekseli na bodi vyote vinafungwa juu yake. Magari mengine ya misuli hayana fremu kamili ya namna hiyo. Ford Mustang na Plymouth Road Runner, kwa mfano, bodi yenyewe ndiyo mifupa: sakafu, nguzo na paa vimechomelewa pamoja kuwa sanduku moja.

Tofauti yake unaweza kuiona nyumbani. Chukua boksi la viatu, funga kifuniko na ukigundishe kwa gundi pande zote. Lishike ncha mbili ujaribu kulisokota. Linakataa, sivyo? Sasa kata kifuniko, jaribu tena: linajipinda kama chapati. Karatasi ni ile ile, unene ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba umbo lilikuwa limefungwa, sasa liko wazi, na umbo la wazi lenye kuta nyembamba halina ubavu wa kukataa msokoto. Ndiyo maana ukimkata Road Runner paa bila kumwekea mihimili mingine, ukipita kwenye shimo kwa gurudumu moja milango inaweza kugoma kufunga. Tempest nayo italegea kiasi, lakini mzigo mkubwa umebebwa na fremu.

Kwa hiyo kutu ya mlangoni si sawa na kutu ya chasisi. Chuma, maji na oksijeni vikikutana vinazaa kutu, na kutu ina nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Inavimba, inapasuka, inabanduka, na chuma kipya kinabaki wazi kuliwa tena. Alumini haina shida hii kwa kiwango hicho; oksidi yake inashika vizuri na kuifunika. Chumvi inaharakisha kila kitu kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi, na kutu kimsingi ni betri ndogo ndogo zinazofanya kazi juu ya chuma. Gari lililokaa Michigan, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa barafu, huliwa kutoka chini. Lililokaa jangwani Arizona linaweza kuwa jekundu juu na zima chini. Ukiwa na hela ya gari moja tu, nunua la jangwani.

Usiridhike kwa macho. Sehemu za fremu zilizofungwa kama bomba zinaweza kuoza kutoka ndani. Gonga kwa nyundo ndogo kila sehemu: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Pakikutia shaka, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, hiyo si kazi ya kupaka rangi. Kata hadi ufike kwenye chuma kisafi, ndipo uchomelee, kwa sababu kuchomelea juu ya kutu kunaacha vitundu ndani ya weldi hata kama juu inapendeza.

Halafu breki. Tuseme gari lina kilo 1,500. Kwa kilomita 50 kwa saa lina nishati ya takriban kilojuli 145. Kwa kilomita 100, takriban 580. Mwendo mara mbili, nishati mara nne. Hizo 580 zinatosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya chai, na breki zinatakiwa kuzimeza kwa sekunde chache. Ukivua boneti, madigadi na bampa ukapunguza kilo 250, nishati inashuka hadi kama 480. Safi. Ila ukipunguza zaidi nyuma, magurudumu ya nyuma yanakosa mkandamizo, yanaweza kujifunga kwanza ukikanyaga breki, na gari likazunguka. Tempest ya 1964 ilitoka na breki za dramu kote na masta silinda ya chumba kimoja: bomba moja likipasuka, pedali inakwenda mpaka chini na huna breki popote. Weka ya vyumba viwili kabla hujafikiria injini. Huko ndiko bajeti iende.

Kutu ya nje, basi, iachie sura yake. Wengi huisugua kidogo kisha huipaka mafuta ya kitani, ambayo hayakauki kama maji; yanaungana na oksijeni na kugeuka utando mgumu. Kazi hiyo inatoa joto. Kwenye bati joto linapotea hewani, lakini matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa pamoja yanaweza kujiwasha yenyewe saa kadhaa baadaye, gereji ikiwa imefungwa. Yatandaze nje moja moja, au yatumbukize kwenye kopo la maji kabla ya kwenda kulala.