Pedi ya gemu la ngumi si ile inayowaka taa

Leo naomba unitegee sikio kwa jambo ambalo watu wa rika langu wataliona la kitoto, nalo ni pedi ya kuchezea gemu. Nasema ya gemu, maana wiki iliyopita nilipotangaza kwamba nitazungumzia ununuzi wa pedi, mama mmoja wa Mtanda alinipigia simu kunipongeza kwa kuwakumbuka wasichana wa shule. Hilo nalo tutalizungumza siku yake.

Mpwa wangu ana kibanda cha gemu hapa Lindi mjini, si mbali na Uwanja wa Ilulu. Ana televisheni tatu na mashine tatu za PlayStation, na mchezo mmoja ni shilingi 500. Msizidharau hizo 500. Ndizo zinazolipa pango, umeme, na dawa za presha za mama yake, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja. Nasi watu wa huku Kusini mnatufahamu: kwa Wamwera mtoto ni wa mjomba. Kijana akikwama, mlango unaogongwa ni wangu.

Basi mwezi wa sita nilikwenda Dar es Salaam kikazi, naye akanipigia. "Shikamoo mjomba. Ukipita Kariakoo niletee pedi mbili za PS4, nataka za gemu la ngumi." Akanitumia shilingi 140,000 kwa simu. Nilipofika dukani nikaoneshwa pedi nyeusi, imepoa, imetumika kidogo, inauzwa 70,000. Pembeni yake kulikuwa na nyingine mpya, zinawaka taa nyekundu na buluu kama gari la harusi, 35,000 kila moja. Nikapiga hesabu: kwa fedha ya mbili napata nne! Nikajiona mjanja wa mjini.

Jumamosi iliyofuata kibandani palikuwa na mashindano ya Tekken 7. Vijana 16, kiingilio shilingi 2,000, mshindi achukue 20,000. Nami nilikwenda kuona matunda ya ujanja wangu. Kijana mmoja alikuwa amevuka na kivuko kutoka Kitunda, na sifa zake zilimtangulia. Lakini siku hiyo kila alipotaka kurudi nyuma, mpiganaji wake aliruka juu, na akiwa hewani akapigwa. Mara ya tatu akaweka pedi mezani na kusema, "Hii pedi inanikatalia." Mimi, mbele za watu wote, nikamjibu: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kibanda kizima kikacheka. Kijana akachukua kofia yake akaondoka.

Haikupita nusu saa, wengine watatu wakalalamika neno lile lile. Mashindano yakavunjika, mpwa wangu akarudisha viingilio vyote, na tangu hapo wachezaji wa ngumi wakahamia kibanda kingine. Wiki mbili hakuuza kitu cha maana. Hakunilaumu hata kwa neno moja, maana mjomba halaumiwi. Ndipo nikaichukua pedi moja mkononi, nikaenda kwa fundi wangu wa redio, nikamwambia aifungue.

Upande wa kushoto wa pedi kuna mishale minne iliyoungana kama msalaba: juu, chini, kushoto, kulia. Umbo hilo si la bahati mbaya. Mjapani Gunpei Yokoi wa kampuni ya Nintendo ndiye aliyelitia katika gemu dogo la mkononi la Donkey Kong mwaka 1982. Siri yake iko chini, kusikoonekana: katikati ya msalaba kuna kigingi kidogo, na kipande chote hubembea juu yake kama watoto kwenye pembea ya ubao. Ukikandamiza kushoto, kulia huinuka. Kwa hiyo kidole gumba kimoja, bila kutazama, hujua kilipo.

Katika pedi zangu za taa, kigingi kile kilikuwa kifupi mno. Ukibonyeza nyuma kwa nguvu kidogo, msalaba wote unazama, na "juu" nako kunagusa. Mashine haina kosa: imeambiwa nyuma na juu, na katika Tekken maana yake ni kuruka kuelekea nyuma. Yule kijana wa Kitunda alikuwa anasema kweli.

Sasa mtu ataniuliza, mbona vijana wa mpira hawakulalamika? Kwa sababu gemu la mpira huchezwa zaidi kwa vile vijiti viwili vya kuzungusha, vinavyoitwa analogi. Wenye vibanda wengi hula kwa mpira, hivyo hupima vijiti wakaiacha mishale. Kwa gemu la ngumi kinyume chake ndiyo sahihi. Tangu Street Fighter ya kwanza ilipotoka mwaka 1987, mapigo makubwa yanaitwa kwa kuchora njia kwa kidole: chini, kisha mshazari wa chini na mbele, kisha mbele, halafu ngumi, hapo Ryu anarusha mpira wake wa moto. Mshazari ukikosekana, moto hautoki.

Kwa hiyo ukiwa dukani, omba pedi ichomekwe kwenye mashine. Magemu kama Tekken 7 yana sehemu ya mazoezi inayoweza kuonesha kwenye kioo kila mshale unaobonyeza. Bonyeza nyuma mara 20, kwa nguvu, kama mtu mwenye hasira. Ukiona hata mara moja mshale wa mshazari, rudisha. Kisha viringisha kidole kutoka chini kwenda mbele taratibu, uone kama mshazari unatokea kila safari. Halafu iache pedi mezani, usiiguse. Mpiganaji akianza kutembea mwenyewe, kijiti cha kushoto kimelika, na katika Tekken kijiti hicho nacho huamuru mwendo. Muuzaji akikataa kuichomeka, amekwisha kukujibu.

Upande wa kulia nako kuna hesabu yake. Tekken ina vitufe vinne tu, kila kiungo na chake: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Ukitaka kumkamata mwenzio umrushe, unabonyeza mraba na eksi kwa wakati mmoja, kwa kidole gumba kile kile. Vitufe vikiwa vigumu au vimeachana mno, kimoja hutangulia na mkono unatoka mtupu. Street Fighter yenyewe ina vitufe sita, ngumi tatu na mateke matatu, ndiyo maana Sega ilitoa pedi ya vitufe sita mwaka 1993, na hata leo kampuni ya Hori hutengeneza pedi iitwayo Fighting Commander yenye sita usoni. Ni nzuri, lakini kwa kibanda cha Lindi sioni haja. Vitufe viwili vya begani vinatosha, kidole kikizoea.

Wapo watakaokuambia bingwa hachezi kwa pedi, sharti awe na lile sanduku lenye fimbo na vitufe vikubwa. Waambie kwamba mwaka 2014, katika mashindano ya Evo kule Las Vegas, Mfaransa anayejulikana kwa jina la Luffy alitwaa ubingwa wa Ultra Street Fighter IV kwa pedi ya PlayStation ya kwanza, mashine iliyotoka Japani mwaka 1994.

Jambo la waya. Magemu haya huchora picha 60 kwa sekunde, na ngumi ya haraka kabisa ya Tekken hufika katika picha ya 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Pedi ikichelewesha picha tatu au nne njiani, umekwisha kupigwa. Hivyo waya ni bora kuliko hewani, na pia hauishi betri katikati ya fainali. Lakini kwa PS4 kuchomeka waya peke yake hakutoshi, kwani pedi inaweza kuendelea kuzungumza kwa hewani huku waya ukiwa wa kuchaji tu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa, kisha pedi, uchague mawasiliano kwa waya. Na huo waya uwe wa kupitisha taarifa, kwa maana nyaya nyingi za bei ya chini hupitisha umeme tu. Mpwa wangu alihangaika siku nzima na pedi nzima kabisa, kumbe waya ulikuwa wa simu ya tochi.

Tazama pia mashine uliyonayo. Pedi ya PS4 inakubali kwenye PS5 kwa magemu ya PS4 tu. Tekken 8, iliyotoka mwaka 2024, haikutolewa kwa PS4, na nimeona watu wakinunua pedi kwa ajili yake bila kuwa na mashine inayoichezesha.

Na kwa sisi wa pwani, chumvi. Chini ya kila kitufe kuna mpira laini unaogusa njia za umeme. Upepo wa bahari, jasho, na mafuta ya mihogo ya kukaanga vikiingia humo, kitufe huanza kukataa. Fundi wangu huifungua, huifuta kwa pamba yenye spiriti, huiacha ikauke. Zile zangu za taa alizifuta, akatikisa kichwa, akanirudishia. Kigingi hakifutwi.

Nilimrudishia mpwa wangu shilingi 140,000 zake kutoka mfukoni mwangu. Akanunua pedi mbili zilizotumika kutoka kwa jirani aliyefunga kibanda cha mpira. Zilikuwa na vijiti vilivyolegea, fundi akavibadilisha, lakini mishale yake ilikuwa kama mipya, maana wenye mpira hawakuwa wameigusa. Baadhi ya wachezaji wa ngumi wameanza kurudi.

Yule kijana wa Kitunda hajarudi. Nimemtumia salamu mara mbili kwa mtu wa kivukoni, hajajibu, na simlaumu. Mpwa wangu ameniazima moja ya zile pedi mbili, iko kwenye mkoba wangu pamoja na waya wake. Jumamosi nikitoka zamu nitavuka mwenyewe kwenda kumtafuta.