Degre 27 au degre 81? Angalia herufi kabla ya kufunga depo

Wandugu wa koperative, kuna sheria moja ya kutunza mbegu ambayo inatembea sana katika vitabu vya kilimo. Inasema hivi: chukua joto la depo, ongeza unyevu wa hewa kwa asilimia, na jumla isipite 100. Rahisi kabisa. Sasa tuchukue mfano wa mutu wa Nyunzu ambaye iko na kalanga za mbegu. Anapima: joto 27, unyevu 65. Jumla 92. Anafurahi, anafunga mlango. Msimu wa kupanda ukifika, anaweza kukuta mashimo mengi haijaota kitu, na mbegu ingine hana.

Hesabu yake haina kosa. Kosa liko kwenye degre. Sheria ile ilitoka kwa Harrington, mtaalamu wa mbegu wa Marekani, na kule wanahesabu joto kwa degre za Fahrenheit. 27 yetu ni ya Celsius. Kwa Fahrenheit ni karibu 81. Ongeza 65, unapata 146. Depo ile haikukaribia hata kidogo kuwa salama kwa mbegu ya kukaa muda mrefu.

Namna gani joto moja likapata namba mbili? Ni habari ya zamani. Mwaka 1714 Daniel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig, alitengeneza kipimajoto cha zebaki ndani ya kibomba cha kioo. Zebaki ikipata joto inapanuka na kupanda, ikipoa inashuka. Kazi yake ilikuwa nzuri, lakini alipaswa kuchagua mwenyewe wapi sifuri ianzie. Akachukua baridi ya mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi, akaita sifuri. Kwa hesabu hiyo maji inaganda kwenye 32 na inachemka kwenye 212. Mfaransa Réaumur naye akaleta yake karibu mwaka 1730, maji inachemka kwenye 80. Mwaka 1742 Anders Celsius wa Sweden akagawa sehemu 100 kati ya kuganda na kuchemka. Yeye aliweka kinyume: 0 ndiyo kuchemka, 100 ndiyo barafu! Ni baada ya yeye kufa mwaka 1744 ndipo wakaigeuza ikawa kama tunavyoijua.

Wakoloni wakaja nazo hapa. Wabelgiji walitumia Celsius, kwa hiyo Kalemie, wakati ule ikiitwa Albertville, joto liliandikwa kwa Celsius. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, Waingereza waliochukua nchi baada ya vita ya kwanza waliandika Fahrenheit. Siku moja, ziwa moja, joto moja: huku 30, kule 86. Leo Tanzania nayo inatumia Celsius, lakini vitabu vya zamani, na vyombo na pakiti za mbegu toka Marekani, bado vinaongea ile lugha ingine.

Na usidhani ni wakulima tu wanaopotezwa na kipimajoto. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika kwenye ziwa Tanganyika. Ili kujua ziwa liko juu kiasi gani, walichemsha maji. Ukipanda juu, maji inachemka mapema: kila metre 300, inapungua karibu degre 1 ya Celsius. Vipimajoto vyao vizuri vilikuwa vimeharibika. Walibaki na cha kupimia maji ya kuoga. Wakapata futi karibu 1,850, ndiyo kusema metre 564. Ziwa liko kwenye metre 773 hivi. Angalieni: degre haikufika hata 1 ya kosa, na ziwa zima likashuka metre 200! Kwa sababu ya namba ile wenye elimu wa Ulaya wakabishana miaka mingi kama maji ya Tanganyika inaweza kuenda Nile. Cameron alipofika mwaka 1874 akaona Lukuga, mto wetu, ndiyo unatoa maji ziwani na kuyapeleka upande wa Lualaba. Watu wa hapa hawakuhitaji kipimajoto kwa kujua hilo.

Turudi depo. Chombo chako kikiwa na °C ni Celsius. Kikiwa na °F ni Fahrenheit. Vingine viko na mistari miwili, moja kila upande, hapo ndipo watu wanachanganya zaidi. Kama herufi imefutika, kiweke kwenye kivuli saa sita mchana: hapa kwetu kikionyesha 30 na kidogo ni Celsius, kikionyesha 80 na zaidi ni Fahrenheit. Kwa kugeuza Fahrenheit kuwa Celsius, toa 32, zidisha mara 5, gawa kwa 9. Ukiwa shambani bila kalamu, toa 30 kisha gawa kwa mbili; hautakuwa mbali sana.

Kisha, usipime kwenye jua. Kioo kikipigwa na jua kinajipima chenyewe, hakipimi hewa. Ndiyo maana stasyo za hali ya hewa zinaweka kipimajoto ndani ya sanduku jeupe lenye matundu, kwenye kimo cha kifua cha mutu mzima. Na kikivunjika kile cha zebaki, watoto wasicheze na zile tone zinazong'aa. Ni sumu.

Sasa tuseme ukweli: kwa joto la Nyunzu, kufikisha jumla chini ya 100 kwa Fahrenheit haiwezekani bila mashine ya baridi. Kwa 81, unyevu ungepaswa kuwa chini ya 19. Lakini kwa msimu mmoja hatuhitaji kufika huko. Joto tunaweza kulipunguza kidogo: depo ya udongo na paa ya nyasi inashinda ya manjanja. Unyevu ndio tuko na nguvu juu yake. Mbegu ikipungua unyevu kwa 1 tu katika mia, maisha yake inakaribia kuwa mara mbili. Joto likishuka degre 5 za Celsius, vilevile. Kwa mahindi, anika mpaka ifike 13 katika mia au chini. Huna chombo? Tia mbegu na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, ngoja dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisha mbegu juani. Isiposhika, jaza bidoni mpaka juu, funga kifuniko kabisa, na andika juu yake tarehe na joto, pamoja na C yake.