Kabla hujanunua furshe ya resori kwa njia ya Kabambare

Tangu niweke hapa picha ya VTT yangu ikiwa na potopoto mpaka kwenye gido, watu wananiuliza swali moja: ile furshe ya resori ya mbele inasaidia kweli kwenye njia ya Kasongo–Kabambare, ao ni urembo tu? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Basi naandika mara moja kwa wote.

Jibu fupi: inasaidia mtu, haisaidii mzigo. Na ukipanda bila kuipima kwa uzito wako, inaweza kukuangusha vibaya kuliko furshe ngumu ya kawaida.

Mimi nimesoma agronomia, si ufundi wa kinga. Lakini kazi yangu ni kufuata mashamba ya mpunga na karanga, na pikipiki sina. Kinga yangu niliinunua ya mitumba, nikafurahi sana kuona ile furshe inabonyea. Siku moja, kwenye mteremko wa mawe karibu na kijito, nikashika freni ya mbele. Furshe ikazama yote, ikagonga mwisho, nikapita juu ya gido. Mkono ulivimba wiki mbili. Kwenye mfuko nilikuwa na kilo 6 za mbegu ya mpunga, mama mmoja aliichagua mwenyewe suke kwa suke ili nimpelekee dada yake. Yote ikaenda na maji. Mkono ulipona, lakini ile mbegu haikupatikana tena msimu ule, na mpaka leo nikipita pale kwa yule mama naanza kwanza na kuomba samahani.

Niliporudi Kasongo, mzee fundi alisukuma gido chini kwa mikono miwili, akacheka: «Agronomu, hii si furshe, ni godoro.»

Alikuwa na haki. Ndani ya kila mguu wa furshe ya namna ile kuna bomba linaloingia ndani ya bomba lingine, na resori katikati. Zile nzuri, kama zile RockShox walizoanza kutengeneza Marekani mwaka 1989, zina pia mafuta yanayopita kwenye matundu madogo, na ni hayo mafuta yanayozuia resori isirudi kwa kasi. Zile za bei ndogo tunazopata siye, mara nyingi hazina mafuta hayo. Ni resori tupu, na mara nyingine iko mguu mmoja tu! Ukigonga jiwe inazama, halafu inarudisha nguvu yote mikononi mwako. Kwa hiyo kitu kikubwa unachoweza kupanga ni ugumu wa resori kulingana na uzito wako.

Namna ya kupima ni rahisi, haiombi chombo. Kata utepe mwembamba wa shambrere ya zamani, ufunge kuzunguka lile bomba linalong'aa, uusukume chini mpaka uguse mpira wa kuzuia vumbi. Mwenzako ashike kinga. Panda polepole na mzigo wako wa kila siku, kaa namna unavyokaaka njiani, kisha shuka polepole bila kuruka. Utepe utakuwa umepanda, pima umbali kwa rula. Kama furshe yako inaweza kuzama milimita 80 kwa jumla, utepe ukionyesha kati ya 16 na 20 uko vizuri. Ukipita 24, resori ni laini kwako. Yangu ilionyesha 38. Yaani kabla sijagusa jiwe hata moja, karibu nusu ya furshe ilikuwa imeshaliwa na uzito wangu mwenyewe, na freni ikamaliza iliyobaki.

Hapa watu wengi wanadanganyika na kile kifuniko cha juu kinachozungushwa. Wanakizungusha mpaka mwisho, wanasema sasa imekuwa ngumu. Hapana. Kinaibana tu resori mapema, furshe inakaa juu kidogo, lakini resori ni ile ile. Ikikutana na shimo kubwa itazama vilevile. Dawa ni resori nyingine ya waya mnene zaidi. Na unene mdogo unafanya kazi kubwa: resori ya waya wa milimita 5 ni ngumu karibu mara moja na nusu kuliko ya milimita 4.5, kama upana na mizunguko ni sawa. Mzee fundi alitoa moja kwenye furshe iliyokufa, tukaipachika, utepe ukaonyesha 21. Nikaacha hapo.

Kuhusu kupaka mafuta: tafadhali, msitie mawese. Nasema hivi kama mtu wa agronomia. Karibu nusu ya mafuta yaliyo ndani ya mawese ni yale yanayoganda, mnayaonaka asubuhi ya baridi kwenye chupa. Ndani ya furshe yanashika mchanga, yanakuwa kama msasa. Tumia grisi, kidogo, baada ya kupangusa vumbi lote. Na msioshe ile mipira kwa petroli, itavimba.

Sasa mzigo. Kuna wadogo zetu wenye diplome wameanza kupeleka mawese mpaka Salamabila, na wengine wanataka furshe ya resori kwa kazi hiyo. Msifanye. Bidoni 4 za litre 20 ni zaidi ya kilo 70, na kwenye mteremko, ukishika freni, sehemu kubwa ya uzito ule inakimbilia mbele. Miguu ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tena furshe ya resori ni ndefu kuliko ile ngumu, inainua kinga mbele na gido linakuwa zito kugeuza wakati wa kusukuma. Na shingo yake huenda isiingie kabisa: kinga nyingi za zamani zina shingo ya milimita 25.4, VTT nyingi ni 28.6. Pima kabla ya kutoa franka. Wabebaji wazee wanachomelea nondo za kujengea kutoka ekseli ya mbele mpaka juu, kila upande moja, na wanajua kwa nini. Hata chukudu ya Goma ni mbao na kipande cha mpira wa gari kwenye gurudumu, na inashusha mzigo mkubwa kuliko wa kinga.

Kwa wewe usiyebeba vizito na mwenye pesa ya kitu kimoja tu, nunua kwanza pinee pana ya mbele na kamba mpya za freni. Pinee ya inchi 2.1 isiyojazwa upepo mpaka iwe jiwe inameza mawe madogo vizuri, na haina resori ya kuharibika. Ukiwa na mzigo, jaza zaidi, la sivyo shambrere itabanwa na rimu na kutoboka.

Wenye furshe zilizokufa, msiuze kwa wanunuzi wa vyuma. Niandikieni, mzee anatafuta resori za ndani.