Kitenzi cha 'Kwenda' katika Kihispania: Mizizi Mitatu, Kitenzi Kimoja

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kihispania huanza safari yake kwa vitenzi vitulivu. Hufundishwa cantar, 'kuimba', akaonyeshwa kwamba mzizi cant- haubadiliki, bali miisho tu ndiyo inayobadilika kufuata nafsi na wakati: canto, 'ninaimba', cantas, 'unaimba', canté, 'niliimba'. Akiisha kuizoea kanuni hiyo, hukutana na kitenzi ir, 'kwenda', na papo hapo huona kama kwamba yote aliyofundishwa yamevunjwa. 'Ninakwenda' ni voy. 'Nilikwenda' ni fui. 'Nilikuwa nikienda' ni iba. 'Nitakwenda' ni iré. Kati ya voy na fui hakuna hata herufi moja ya pamoja. Aulizapo sababu, mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: kariri.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba kitenzi ir hakikosi utaratibu, ila utaratibu wake ni wa kihistoria. Pili, kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anayekitazama kitenzi hiki kwa macho ya lugha yake mwenyewe, badala ya kukipitia katika Kiingereza kama vitabu vingi vya kufundishia vinavyomlazimisha, hukuta ndani yake mambo mengi anayoyajua tayari. Wala jambo hili si la mbali na Afrika. Katika Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru kutoka kwa Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, Kihispania ni lugha rasmi, na wengi wa raia wake huzungumza lugha za Kibantu kama vile Kifang na Kibubi.

Jinsi kitenzi kinavyobadilika

Nyakati kuu za kitenzi hiki ni kama zifuatazo, kwa mpangilio wa nafsi 'mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao':

Wakati uliopo: voy, vas, va, vamos, vais, van.
Wakati uliopita, tendo lililokamilika: fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron.
Wakati uliopita, tendo lililokuwa likiendelea: iba, ibas, iba, íbamos, ibais, iban.
Wakati ujao: iré, irás, irá, iremos, iréis, irán.
Hali tegemezi ya wakati uliopo: vaya, vayas, vaya, vayamos, vayáis, vayan.

Umbo la nafsi ya pili wingi lililo katika orodha hii ni la Hispania hasa. Katika nchi za Amerika zinazotumia lugha hii, watu husema ustedes kwa maana ya 'ninyi', na kitenzi huchukua umbo la nafsi ya tatu wingi.

Yafaa kuona kwanza jambo ambalo halimsumbui Mswahili hata kidogo. Mhispania akisema voy, hahitaji kutaja neno la 'mimi', kwa kuwa nafsi imo ndani ya kitenzi, kama ilivyomo katika 'ninakwenda'. Tofauti ni mahali tu: Kiswahili huweka alama ya nafsi mbele ya mzizi, Kihispania huiweka nyuma.

Mizizi ilikotoka

Orodha hiyo ikipangwa upya kwa kufuata sauti, makundi matatu hujitokeza. Kundi la kwanza lina v: voy, vas, vaya. La pili lina f: fui, fueron. La tatu lina i: iba, iré, pamoja na ir yenyewe na ido, umbo linalotumika katika he ido, 'nimekwenda'. Haya si makundi ya bahati nasibu. Kila kundi limetokana na kitenzi tofauti cha Kilatini, lugha iliyokizaa Kihispania. Kundi la i latokana na ire, 'kwenda'. Kundi la v latokana na vadere, kitenzi kingine cha kwenda na kushika njia. Kundi la f latokana na esse, 'kuwa', ambacho katika wakati timilifu kilikuwa na umbo fui.

Kwa nini kitenzi kimoja kiazime kutoka kwa jirani zake? Sababu moja kubwa ni ufupi. Katika Kilatini, 'unakwenda' kilikuwa is, na 'anakwenda' kilikuwa it. Maneno mafupi namna hii ni dhaifu masikioni, na sauti chache zikidondoka hayabaki na mwili wa kuyatambulisha. Wasemaji wakayaacha, wakatumia mahali pake maumbo ya vadere, yaliyokuwa na uzito zaidi. Lakini maumbo marefu ya ire, kama vile ibam, 'nilikuwa nikienda', hayakuwa na udhaifu huo, nayo yakadumu. Ndiyo iba ya leo.

Tatizo hili la kitenzi kifupi Mswahili analijua. Mzizi -la una silabi moja tu. Kwa kuwa shadda ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa kuwa viambishi -na-, -li-, -ta- na -me- havibebi shadda, hakuna asemaye 'anala' kwa maana ya kula chakula. Husemwa 'anakula', 'alikula', 'atakula', 'amekula', na ile ku- hubaki ili kukipa kitenzi mwili. Lakini palipo na kiambishi kinachoweza kubeba shadda, ku- haihitajiki: 'akila', 'hajala'. Kiswahili kilikitegemeza kitenzi chake kifupi kwa kiambishi. Wasemaji wa Kilatini walikitegemeza chao kwa mzizi wa kuazima. Dawa ni mbili, maradhi ni yale yale.

'Kwenda' na 'kuwa'

Jambo linalomshangaza mwanafunzi kuliko yote ni kwamba fui ina maana mbili. Fui a la escuela ni 'nilikwenda shuleni', na fui maestro ni 'nilikuwa mwalimu'. Vitenzi ir na ser, 'kuwa', vina maumbo yale yale katika wakati huu, kuanzia nafsi ya kwanza hadi ya mwisho.

Hata hivyo, mtu akirudi nyumbani akasema, 'Jana nilikuwa Mombasa', hakuna amwulizaye kama alikwenda. Kuwa mahali kwa muda kisha kuondoka ni ushahidi wa kwenda na kurudi, na msikilizaji huelewa hivyo bila kuelezwa. Kwa njia kama hiyo neno la 'kuwa' laweza kuingia katika kazi ya 'kwenda', na katika Kihispania liliingia likakaa. Wala mkanganyiko si mkubwa kama unavyodhaniwa. Kitenzi cha kwenda hufuatwa kwa kawaida na neno a, linaloonyesha upande wa safari, ilhali kitenzi cha kuwa hufuatwa na sifa, cheo au kazi.

Nyakati mbili zilizopita

Kiingereza hakimsaidii sana mwanafunzi kutenganisha fui na iba, maana umbo lake moja la wakati uliopita laweza kutumika kwa tendo lililotukia mara moja na pia kwa tendo la mazoea. Kiswahili huzitenga maana hizi waziwazi. Fui al mercado ni 'nilikwenda sokoni': tendo limetazamwa likiwa zima, lina mwanzo na mwisho. Iba al mercado ni 'nilikuwa nikienda sokoni': tendo limetazamwa kutoka ndani, likiwa bado njiani, au likiwa mazoea ya siku zile. Sentensi moja yaweza kuwa na nyakati zote mbili: Cuando iba al mercado, vi a Juan, yaani, 'Nilipokuwa nikienda sokoni, nilimwona Juan'. Mwanafunzi anayeijua tofauti ya 'nilikwenda' na 'nilikuwa nikienda' hana haja ya kufundishwa upya maana ya nyakati hizi. Anahitaji maumbo tu.

Faraja nyingine ni kwamba katika wakati huu wa tendo lililokuwa likiendelea, vitenzi vya Kihispania visivyofuata kanuni ni vitatu tu: ir, ser na ver, 'kuona'. Kadhalika, wakati timilifu humjia Mswahili kwa urahisi: ha ido ni 'amekwenda', na había ido, kwa nafsi ya tatu, ni 'alikuwa amekwenda'.

Hali tegemezi

Sehemu inayoogopwa na wanafunzi wengi ni hali tegemezi, ambayo katika Kiingereza imebaki mabaki tu. Katika Kiswahili hali hii ni hai, na mtoto mdogo huitumia bila kufikiri. 'Nataka kwenda' ni quiero ir, kwa kuwa anayetaka ndiye atakayekwenda. 'Nataka uende' ni quiero que vayas, kwa kuwa anayetaka ni mmoja na atakayekwenda ni mwingine. Badiliko la -a kuwa -e katika 'uende' hufanya kazi ile ile inayofanywa na vayas.

Aidha, Kihispania kina neno ojalá, 'laiti' au 'Mungu akipenda', ambalo hufuatwa na hali hii: ojalá vaya, 'Mungu akipenda ataenda'. Neno hili lilitoka katika Kiarabu cha Hispania, katika usemi uliomtaja Mwenyezi Mungu na mapenzi yake. Mswahili asemaye inshallah atalitambua kuwa ni ndugu.

Kwenda zake

Kihispania kina pia irse, ambacho ni ir chenye neno la kumrudia mtendaji mwenyewe. Me voy si 'ninakwenda' tu, bali 'ninakwenda zangu'. Se fue ni 'alikwenda zake'. Vámonos ni 'twende zetu'. Hapa Kiswahili hutoa tafsiri kamili.

Amri ya wingi ya kitenzi hiki imeleta mjadala. Kwa kanuni ya sarufi, 'nendeni zenu' ni idos. Lakini watu wengi wa Hispania waliacha kuisema zamani, wakasema iros. Mwaka 2017 Chuo cha Kifalme cha Hispania, kinachosimamia lugha hiyo, kilikubali iros itumike pamoja na idos. Kitenzi kisichofuata kanuni, basi, kingali kinatembea.

Je, Kiswahili hakina vitenzi vya namna hii?

Husemwa mara kwa mara, tena kwa fahari, kwamba vitenzi vya Kiswahili vyote hufuata kanuni. Fahari hiyo yahitaji kupimwa. Amri ya 'soma' ni 'soma', na ya 'piga' ni 'piga', lakini amri ya 'kuja' ni 'njoo', ya 'kuleta' ni 'lete', na ya 'kwenda' ni 'nenda'. Ama kuhusu 'kuwa', husemwa 'alikuwa' na 'atakuwa', lakini kwa wakati uliopo husemwa 'ni', neno lisilo na uhusiano wowote wa umbo na mzizi -wa. Zaidi ya hayo, katika 'aliye' na 'walio' kuna mzizi wa tatu, -li. 'Ni', '-wa' na '-li': hiyo nayo ni mizizi mitatu katika kitenzi kimoja, kama voy, fui na iba.

Katika sehemu nyingi za Kenya, hasa mbali na pwani, husikika 'kuja hapa' badala ya 'njoo hapa', na 'enda' badala ya 'nenda'. Walimu huyakosoa maneno haya, na katika uandishi sanifu wana haki. Lakini asemaye hivyo hajakosa akili ya lugha. Ameishika kanuni kwa nguvu kuliko lugha yenyewe. Mtoto wa Kihispania asemaye rompido badala ya roto, 'lililovunjika', hufanya vivyo hivyo. Maumbo yasiyofuata kanuni huponea katika vitenzi vinavyotumiwa kila siku, kwa sababu husikika mara nyingi mno hata kanuni haipati nafasi ya kuyanyoosha. Ndiyo maana ukaidi hupatikana katika 'kuwa', 'kwenda' na 'kuja', na ni nadra kupatikana katika vitenzi vitumikavyo mara chache.

Hitimisho

Imeonekana kwamba kitenzi ir ni muungano wa vitenzi vitatu vya kale, na kwamba kila umbo lake lina asili inayoelezeka. Kukariri hakuwezi kuepukwa kabisa, kwani hakuna ajifunzaye lugha bila kuweka maneno moyoni. Lakini kukariri kilichoeleweka ni kazi nyepesi. Hapana budi, kwa hiyo, mwalimu wa Kihispania katika Afrika ya Mashariki aache kumpitisha mwanafunzi katika Kiingereza palipo na njia fupi zaidi. Penye fui aweke 'nilikwenda', penye iba aweke 'nilikuwa nikienda', penye vayas aweke 'uende', na penye me voy aweke 'nakwenda zangu'. Faida itakuwa ya pande mbili: mwanafunzi atakijua Kihispania mapema zaidi, na atakitambua Kiswahili chake kuwa ni chombo cha kufikiria lugha nyingine, wala si lugha ya kuachwa mlangoni anapoingia darasani.