Vitabu Navyo Hulipa Hongo

Ndugu msikilizaji, wiki hii twende Tabora, mtaa wa Ng'ambo. Huko watu huongea Kiswahili na Kinyamwezi kutwa kucha. Lakini kijana wa huko akitaka kusoma habari za mji wake kitabuni, mara nyingi atalazimika kuzisoma kwa Kiingereza. Kwa nini?

Nje kidogo ya mji kuna tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kukutana na Stanley kule Ujiji. Mwaka huo huo Stanley alitoa kitabu chake London, nacho kikasomwa sehemu nyingi za dunia. Njia hiyo ya misafara aliipita pia Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora. Naye alisimulia maisha yake, tena kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Hatumsifu Tippu Tip kwa biashara ya pembe na watumwa. Tunauliza tu: Stanley wamjua wengi, je, ni wangapi kati yetu wameyasoma maneno ya Tippu Tip mwenyewe?

Si kwamba Kiingereza kina utamu kuliko lugha nyingine. Kilitangulizwa na ukoloni, kisha kikashikiliwa na soko, maana wachapishaji wakubwa wako London na New York. Hata hadithi ya Mrusi mara nyingi hutufikia kwa kupitia Kiingereza. Zamani misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ili ipite. Siku hizi vitabu hulipa hongo kwa Kiingereza.

Tazama Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Riwaya yake *Paradise*, inayomfuata kijana Yusuf katika msafara wa kwenda bara, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwaka 2021 mwandishi akapewa Tuzo ya Nobel. Tafsiri ya Kiswahili, *Peponi*, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Hadithi ya nyumbani ilichukua miaka 28 kurudi nyumbani!

Hatusemi Kiingereza kitupwe. Mwalimu Nyerere alikisoma hapo hapo Tabora, katika shule ya serikali, kisha akakitumia kumleta Shakespeare kwetu: *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Huo ndio mfano wa kufuata. Lugha ya kigeni ni mlango, na mlango hupitwa kwa kuingia na kwa kutoka.

Lakini mfasiri naye hula ugali. Tusiponunua vitabu vya Kiswahili, hakuna atakayevichapa, na watoto wetu wataendelea kusimuliwa habari za Kwihara na wageni. Basi mwisho wa mwezi huu, pita duka la vitabu uulize cha Kiswahili.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.