Kiwimbi cha Rũirũ

Kijitabu cha mazishi kinachochapishwa Thika mara nyingi hubeba lugha tatu: wasifu wa marehemu kwa Kiingereza, ratiba ya ibada kwa Kiswahili, nyimbo kwa Kikuyu. Tuseme anayekipanga anataka fonti ya serifu, yenye vijikucha kwenye ncha za herufi, na amebakisha mbili: EB Garamond na Georgia. Wengi huliangalia jina lililo kwenye jalada, wakaona Garamond inavyopendeza, wakamaliza hapo. Mimi huanza na nyimbo.

Kikuyu kina irabu saba. Mbili kati yake, ĩ na ũ, hutofautiana na i na u kwa kiwimbi tu cha juu. Ruiru kwa Kikuyu huandikwa Rũirũ. Fonti zote mbili zinazo herufi hizo. (Isiyo nazo utaijua: kompyuta huazima herufi kwingine, nayo ikakaa katikati ya neno kama mwanafunzi mwenye sare ya shule jirani.) Shida ni kimo. EB Garamond inafuata herufi alizochonga Claude Garamont huko Paris katika karne ya 16. Herufi zake ndogo ni fupi na kiwimbi ni chembamba. Georgia ilichorwa na Matthew Carter mwaka 1993 kwa ajili ya skrini hafifu za siku zile, hivyo herufi zake ni pana na mistari yake imenenepa.

Sasa toa fotokopi, kisha fotokopi ya fotokopi, maana ndivyo nakala za nyongeza zinavyopatikana asubuhi ya mazishi. Kiwimbi chembamba ndicho hutangulia kufifia.

Mteja atalalamika kwamba Georgia inakula nafasi, na kijitabu cha kukunja na kubana pini huongezeka kurasa nne nne. Ni kweli ukilinganisha pointi 12 kwa 12. Lakini herufi ndogo za Georgia pointi 10 zinakaribia kimo cha Garamond pointi 12, kwa hiyo punguza. Garamond iachie jalada. Pale ni kubwa, haidhuriki.

Kasoro ya Georgia ni tarakimu: 3, 4, 5, 7 na 9 huning'inia chini ya mstari, 6 na 8 huchomoza juu. Katika miaka ya kuzaliwa na kufa inapendeza. Namba ya Paybill ya mchango naiandika kwa fonti nyingine kabisa.