Kupona Nimonia Si Mwisho wa Tahadhari

Ugonjwa wa nimonia, ambao wengi wetu huuita homa ya mapafu au kichomi, una hila moja inayowahadaa wagonjwa na jamaa zao. Homa hushuka, kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na mara mgonjwa huambiwa amepona. Kumbe mapafu bado ni dhaifu. Aghalabu hupita majuma sita, na kwa wazee hata zaidi, kabla ya picha ya eksirei kuonyesha kifua kilicho safi. Ugonjwa ukimrudia mtu katika hali hiyo, humkuta hana nguvu za kutosha za kupambana nao.

Hatari hiyo tunaielewa vyema tukizitazama wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Nyanda za juu za Mbulu zina baridi kali, hasa kati ya Juni na Agosti, na vijiji vya Hanang vimeuzunguka mlima unaozidi mita 3,400. Baridi peke yake haizai nimonia. Ugonjwa huletwa na vijidudu. Lakini baridi huwakusanya watu ndani, milango imefungwa na kuni zinawaka. Moshi hudhoofisha njia za pumzi, na msongamano hurahisisha maambukizo. Mtoto anayetoka wodini na kurudishwa kulala kando ya jiko lile lile yumo hatarini tena.

Umbali nao ni tatizo. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, hupokea wagonjwa kutoka mbali sana. Aliyeuza mbuzi ili apate nauli ya kumpeleka mwanawe kutibiwa hawezi kulaumiwa kwa wepesi asiporudi kuchunguzwa. Vivyo hivyo mfugaji anayehama na ng'ombe wake kutafuta malisho.

Yafaa ieleweke kwamba nimonia inayorudi mara kwa mara haitokani na bahati mbaya tu. Mara nyingi ni ishara ya jambo jingine lililojificha: kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, utapiamlo, pumu, maradhi ya moyo, au selimundu. Ikirudi kila mara katika sehemu ile ile ya pafu, huenda njia ya hewa imezibwa. Kwa mtoto, hata punje ya karanga aliyopaliwa nayo yaweza kuwa sababu. Kumpa mgonjwa wa namna hiyo dawa ile ile kila mara bila kutafuta kiini ni kufagia maji huku bomba linavuja.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba hii ni habari ya watu wa milimani. Moshi wa makumbi na kuni unazijaza jiko nyingi za Unguja na Pemba, na selimundu inajulikana sana katika mwambao wetu. Pafu la mtoto wa Wete halina tofauti na la mtoto wa Katesh.

Tunawasihi wazazi wamalize dawa kwa siku zote zilizoandikwa, hata kama homa imeshuka siku ya pili, wala wasiweke akiba vidonge vilivyosalia. Wazihesabu pumzi za mtoto aliyetulia: kwa mwenye miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni hatari; kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, apelekwe kituoni bila kungoja kuche.

Kwa upande wa Serikali, chanjo ya kukinga vijidudu vya nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013 ni hatua ya kusifiwa, lakini haizuii kila aina ya ugonjwa huo. Tunawaomba wakuu wa afya wahakikishe kwamba kila anayeruhusiwa kutoka hospitali anapewa tarehe ya kurudi katika zahanati iliyo karibu naye, na kwamba mhudumu wa afya wa kijiji anajulishwa jina lake. Na yule anayeugua nimonia mara ya pili asiondoke kabla hajapimwa kifua kikuu na maradhi mengine tuliyoyataja.

Gharama ya kumfuatilia mgonjwa nyumbani kwake ni ndogo kuliko ya kumlaza tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.